Ukiona Vidoti Vitatu, Soma Kwanza

Malalamiko ninayoyasikia zaidi kutoka kwa vijana wanaojifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, hapa Mtwara mjini hayahusu hesabu ngumu wala bei ya bando. Yanahusu mistari. Mtu ameandika mistari mitano kama ilivyo kwenye somo, nafasi kwa nafasi, na dirisha la Python, pale unapoandika mstari na kujibiwa papo hapo, linamrushia kosa. Au halimrushii chochote, linabaki na vidoti vitatu pembeni kila anapobonyeza Enter. Anafuta programu, anapakua upya, anaazima simu ya rafiki, vidoti viko palepale. Mwisho anajiambia kwamba haya mambo ni ya watu wa Dar.

Nimeamua kuliandika jambo hili kwa urefu kwa sababu linaniuma. Vijana wenye akili nzuri kabisa wanaishia njiani kwa tatizo lisilohusiana na uwezo wao wa kuandika programu. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaeleza lile dirisha linasomaje kile wanachoandika. Masomo mengi yanalipita kimya kimya, kwa kuwa yameandikwa na watu wenye laptopu na kihariri kizuri, ambao dirisha hilo wanalifungua mara moja moja. Huku kwetu wengi wanaanza kwa simu, wakiwa na Termux au Pydroid, programu za kuendeshea Python kwenye simu, na dirisha ndilo darasa lenyewe.

Tuanze na alama. Ukifungua Python unakutana na hii:

```
>>>
```

Maana yake ni kwamba iko tayari, anza jambo jipya. Ukiandika jambo lisiloweza kuisha kwa mstari mmoja, alama inayofuata inabadilika:

```
...
```

Hapo inakwambia bado inakusikiliza, hujamaliza. Mzee anayesimuliwa kisa hufanya hivyohivyo: kila ukivuta pumzi anasema "enhe", na hatoi neno lake mpaka aone umenyamaza kweli. Python nayo haitatoa jibu lolote wakati wa "enhe". Kwa hiyo mtu anayebonyeza Enter kwa hasira huku anaona vidoti vitatu anapaswa kujiuliza swali moja tu: ni kitu gani nilichofungua ambacho sijakifunga?

Majibu ya swali hilo hayazidi machache. Umefungua mabano na hujayafunga. Umefungua maandishi kwa alama tatu za nukuu na hujayafunga. Umeweka mkwaju wa nyuma, `\`, mwishoni mwa mstari. Au umeanza kundi la mistari kwa `def`, `if`, `for`, `while` na wenzake, na hujaonyesha kwamba kundi limekwisha. Hilo la mwisho ndilo linalowasumbua wengi, nami nitakaa nalo zaidi.

Guido van Rossum alipoitoa Python kwa umma mwaka 1991, lugha hiyo ilikuwa na uamuzi mmoja unaoitofautisha hadi leo: kundi la mistari linatambulika kwa nafasi zilizoachwa mwanzoni mwa mstari. Kwenye C au JavaScript kundi linafungwa kwa bano la mviringo wa mawimbi, `}`, na kompyuta ikiliona tu inajua mambo yamekwisha. Python haina alama ya kufunga. Kwenye faili hilo si tatizo, maana kompyuta inauona mstari unaofuata: ukirudi pembeni kabisa, kundi limeisha. Lakini kwenye dirisha mstari unaofuata haujaandikwa bado. Uko kichwani mwako. Python ingejuaje kama unataka kuongeza mstari mwingine ndani ya kundi au umemaliza? Watengenezaji walipaswa kuchagua ishara, na waliyoichagua ni mstari mtupu. Ukibonyeza Enter kwenye mstari usio na kitu, kundi linafungwa na kazi inafanyika.

Ukiielewa sentensi hiyo moja, nusu ya makosa yote ya dirishani yanaeleweka.

Msimu uliopita wa korosho, karani wa chama cha msingi cha ushirika upande wa Tandahimba alinitumia picha ya simu yake. Anajifunza mwenyewe jioni akishatoka ghalani, na alitaka kitu kidogo cha kumsaidia kuhakiki malipo ya mkulima: kilo mara bei ya mnada, utoe makato ya kila kilo. Kwa mtu anayekaa kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani hiyo ni hesabu ya kila siku. Mkulima anasimama mbele ya meza na karatasi yake mkononi, na anataka kuona ile namba ya mwisho imetoka wapi. Karani aliandika kwanza kwenye programu ya kumbukumbu ya simu, akaachanisha mistari ili isomeke vizuri, kisha akakopi na kupesti kwenye dirisha. Skrini yake ilisema hivi (bei na makato yote kwenye makala hii ni ya mfano):

```
>>> def malipo(kilo, bei, makato):
...     ghafi = kilo * bei
...
>>>     return ghafi - kilo * makato
  File "<stdin>", line 1
    return ghafi - kilo * makato
IndentationError: unexpected indent
```

"Kaka, inasema nafasi zimekosewa, na mimi nafasi nimezihesabu nne nne," aliandika.

Nafasi zake zilikuwa sahihi kabisa. Nikamwambia, "Dada, achana na mstari wa kosa kwanza. Tazama alama za pembeni, kutoka juu kushuka chini, uniambie zinabadilika wapi." Baada ya muda akajibu kwamba `>>>` imerudi kabla ya `return`. Ndipo palipo na tatizo. Ule mstari mtupu aliouacha kwa ajili ya macho yake, Python iliuchukua kama ishara kwamba amemaliza. Ikaifunga fanksheni, yaani lile kundi la `def`, ikiwa na mstari mmoja ndani. Kisha ukaja mstari wa `return` ukiwa umesogezwa nafasi nne, na kwa Python huo sasa ni mwanzo wa jambo jipya. Jambo jipya haliruhusiwi kuanza na nafasi, kwa hiyo kosa linalaumu nafasi. Ujumbe wenyewe ni wa kweli, ila unaelekeza kidole mahali palipo mbali na chanzo.

Angalia pia `line 1` kwenye ujumbe. Yeye alikuwa ameandika mistari kadhaa, Python inazungumzia mstari wa kwanza. Namba hiyo ni ushahidi: dirisha limeanza kuhesabu upya, maana yake lilikwishaona jambo la zamani limefungwa. Mimi siku hizi nikiona `line 1` kwenye kosa la mtu aliyepesti mistari mingi, nakwenda moja kwa moja kutafuta mstari mtupu.

Dawa yake iko kwenye maelezo rasmi ya lugha, nayo ni ndogo kiasi kwamba watu wengi hawaijui. Mstari unaofunga kundi ni ule ulio mtupu kabisa, usio na hata nafasi moja wala maoni. Ukiweka alama ya `#` peke yake pale unapotaka pumziko, kundi linaendelea:

```
>>> def malipo(kilo, bei, makato):
...     ghafi = kilo * bei
...     #
...     return ghafi - kilo * makato
...
>>> malipo(120, 3000, 150)
342000
```

Hata nafasi tupu nne kwenye mstari huo zingetosha kwenye dirisha la zamani la Python, lile la kabla ya toleo la 3.13. Mimi napendelea `#` kwa kuwa inaonekana. Nafasi hazionekani, na kitu kisichoonekana hakifai kumfundishia mtu anayeanza.

Lipo kosa lililo kinyume chake, nalo huwapata wale waliokwisha kufundishwa kwamba mistari mitupu ni hatari. Wanaibana yote:

```
>>> for k in [120, 85, 240]:
...     print(malipo(k, 3000, 150))
... print("Mwisho")
  File "<stdin>", line 3
    print("Mwisho")
    ^^^^^
SyntaxError: invalid syntax
```

Kwenye faili mistari hii mitatu inafanya kazi bila neno. Kwenye dirisha hilo la zamani inakataliwa, kwa sababu kundi la `for` halijafungwa kwa mstari mtupu na ghafla limekuja jambo jingine lililoanzia pembeni. Dirisha hilo hupokea jambo moja kwa wakati mmoja. Ukipesti mambo mawili kwa mpigo kwenye dirisha la IDLE, programu ya kuandikia inayokuja na Python ya kompyuta, utaambiwa hilo waziwazi: `multiple statements found while compiling a single statement`. Huo ni ujumbe mrefu, lakini kwangu ndio ulio mkweli kuliko yote ya aina hii, kwani unataja tatizo lenyewe. Weka Enter ya ziada baada ya `print` ya kwanza, usubiri `>>>` irudi, ndipo uandike `print("Mwisho")`.

Mstari uleule mtupu, basi, unavunja kazi ukiwa ndani ya kundi na unahitajika ukiwa mwishoni mwa kundi. Mwanafunzi akiambiwa tu "ondoa mistari mitupu" au "weka mistari mitupu" atapata kosa jingine kesho yake. Inabidi ajue sababu.

Kwa anayetaka kuiona sababu kwa macho yake, Python inakuja na moduli iitwayo `codeop`. Ndani yake kuna fanksheni inayofanya ule uamuzi wa "amemaliza au bado", na unaweza kuiuliza mwenyewe:

```
>>> from codeop import compile_command
>>> compile_command("bei = 3000")
>>> compile_command("uzito = [120, 85,")
>>> compile_command("uzito = 120 85")
```

Ijaribu. Mstari wa kwanza unarudisha kitu kinachoanza na maneno `<code object`, yaani sentensi imekamilika, inaweza kutekelezwa. Wa pili haurudishi chochote, kimya, na ukimya huo ni `None`: si kosa, ila haijaisha. Wa tatu unaleta `SyntaxError` papo hapo, kwa sababu hakuna mstari wowote utakaoongezwa baadaye ukaifanya sentensi hiyo iwe sahihi. Majibu ni hayo matatu tu. Sasa ipe hii:

```
>>> compile_command("if True:\n    x = 1")
```

Kimya tena. Kwa jicho la mtu sentensi hiyo imekamilika, lakini haina ule mstari wa kufunga, kwa hiyo jibu ni "bado". Nimeona watu wakikunjua uso kabisa wakifika hapa. Wanagundua kwamba kompyuta haiwachukii, inafuata kanuni, na kanuni hiyo inaweza kupimwa.

Mabano yana tabia yake. Ndani ya mabano ambayo hayajafungwa, mstari mtupu hauna nguvu yoyote:

```
>>> uzito = [120, 85, 240
...
...
...
```

Unaweza kubonyeza Enter mpaka mnada ufungwe, vidoti vitabaki. Aliyezoea kufunga kundi kwa mstari mtupu anachanganyikiwa hapa kuliko mahali pengine, kwani dawa aliyofundishwa haifanyi kazi. Funga `]` na utaona `>>>`. Kama hukumbuki ulifungua nini, toka kwa Ctrl na C. Utaona neno `KeyboardInterrupt`, ambalo linawatisha watu bure. Halijaharibu kitu, limetupa tu kile kilichokuwa hakijakamilika, na vigezo vyako vya awali vyote vipo. Kwenye Termux, kitufe cha CTRL kipo kwenye ile safu ya ziada juu ya kibodi, au ushikilie kitufe cha kupunguza sauti ya simu huku ukibonyeza C. Hili la kitufe cha sauti ningependa lifundishwe kabla ya `print`. Mtu asiyejua kutoka kwenye vidoti vitatu hufunga programu nzima, na akiifunga anapoteza kila alichokiandika jioni ile.

Mabano yanaweza pia kuwa msaada. Kwa kuwa ndani yake mistari inaweza kukatika popote, orodha ndefu ya uzito wa magunia unaweza kuiandika mstari kwa mstari bila kuogopa, mradi umeanza na `[` na unajua utamaliza na `]`. Ni bora mara nyingi kuliko mkwaju wa nyuma, ambao ukifuatiwa na nafasi moja tu isiyoonekana unaleta kosa.

Kwenye faili, kuanzia toleo la 3.10, bano lililosahaulika linatajwa kwa jina: `'(' was never closed`, pamoja na mstari lilipofunguliwa. Waliojifunza kabla ya hapo wanakumbuka ulikuwa ukiambiwa kosa liko mstari wa chini yake, ambao hauna kosa hata kidogo. Ukiweza kusasisha, sasisha.

Sasa kuna herufi. Hapa ndipo simu zinapotuumiza hasa, kwa sababu msimbo unasafiri kutoka mkono hadi mkono kwa ujumbe. Mmoja ameuandika kwenye Word, akautuma kwenye kundi la WhatsApp, mwingine akaukopi. Word, na kibodi za baadhi ya simu, hubadilisha alama za nukuu zilizonyooka zikawa zile zilizopinda kama mkia. Kwa msomaji ni urembo. Kwa Python ni herufi nyingine kabisa, na itakwambia:

```
SyntaxError: invalid character '“' (U+201C)
```

Ukiona U+201C au U+201D, usiguse kitu kingine chochote: futa alama za nukuu, ziandike upya kwa kibodi ya kawaida. Ukiona `invalid non-printable character U+00A0`, hiyo ni nafasi isiyo nafasi ya kawaida, hutoka kwenye kurasa za wavuti na kwenye Word. Inaonekana sawa na nafasi nyingine zote, ndiyo maana mtu anaweza kuitazama saa nzima asiione. Futa nafasi zote za mwanzo wa mstari huo na uziweke upya. Kibodi nazo zinapenda kuanza sentensi kwa herufi kubwa: `Print` badala ya `print`. Hilo ni jepesi, matoleo mapya hata yanakuuliza kama ulikusudia `print`, lakini `Def` yenyewe kwenye matoleo mengi inaleta `invalid syntax` bila msaada zaidi.

Wengine hukopi pamoja na zile alama. Somo limeonyesha `>>> bei = 3000`, naye anachukua mstari mzima na `>>>` yake. Python haiitambui, inakataa. Kwenye tovuti rasmi ya maelezo ya Python kuna kitufe kidogo kwenye pembe ya mfano, kinachokuwezesha kukopi msimbo peke yake bila alama hizo. IPython, dirisha jingine la Python ambalo Fernando Pérez alilianza mwaka 2001, inaziondoa alama hizo yenyewe ukipesti, na kwenye laptopu ningemshauri kila mtu awe nayo.

Habari njema kubwa ni toleo la 3.13, lililotoka Oktoba 2024. Dirisha lake limeandikwa upya, likichukua msingi wake kutoka mradi wa PyPy, ambao ni utekelezaji mwingine wa lugha ya Python. Ukibonyeza mshale wa juu unarudishiwa kundi zima la mistari na kulihariri, ambapo zamani ulirudishiwa mstari mmoja mmoja na kulazimika kuupanga upya. Kupesti fanksheni yenye mistari mitupu ndani yake kunafanya kazi katika terminali nyingi za kisasa (programu zinazobeba dirisha la maandishi, kama Termux), kwa sababu terminali huizungushia alama maalumu ikiieleza Python kwamba haya yamepestiwa, hayajaandikwa kwa mkono. Na kitufe cha F3 kinawasha hali ya kupesti kwa wale ambao terminali zao hazifanyi hivyo. Kosa la yule karani lisingempata kwenye toleo hilo. Hata hivyo unapoandika kwa mkono, Enter ya ziada mwishoni mwa kundi bado inahitajika, maana lile swali la msingi halijabadilika: mstari unaofuata bado uko kichwani mwako.

Usijifunzie toleo jipya pekee ukadhani mambo yamekwisha. Kompyuta utakazozikuta kwenye ofisi na vyuo, na seva utakazoingia kwa mbali, nyingi zina matoleo ya nyuma. Anayeielewa kanuni atafanya kazi kote.

Na kanuni yenyewe inavuka mipaka ya Python. Karani yuleyule alipoanza SQLite, programu ya hifadhidata, aliniambia safari hii amejua mwenyewe: aliandika `SELECT` yake, akabonyeza Enter, akaona `...>`, akajua kuna kitu hajakifunga. Ilikuwa nukta mkato. Kwenye MySQL, nayo ya hifadhidata, alama inakuwa `->`, na ukiwa umesahau kufunga nukuu inakuwa `'>`, yaani inakuonyesha kabisa ni nukuu ya aina gani imebaki wazi. PostgreSQL, hifadhidata nyingine, hufanya vivyo hivyo, ikibadilisha `=` kuwa `-`, au `(`, au `'`. R, lugha ya takwimu, inaonyesha `+`. Natamani Python ingekuwa na ukarimu huo wa kutaja kilichobaki wazi. Vidoti vitatu ni vilevile iwe umesahau bano, nukuu au mstari mtupu, na mzigo wa kukumbuka unabaki kwako.

Kinachowezekana ni kuzibadilisha alama zenyewe. Zimehifadhiwa kwenye `sys.ps1` na `sys.ps2`, na ni maandishi ya kawaida tu. Kwa vijana wangu tunaandika faili dogo, tuseme `.mwanzo.py`, lenye haya:

```
import sys
sys.ps1 = "anza> "
sys.ps2 = "bado> "
```

Kisha kwenye `.bashrc`, faili ambalo Termux hulisoma kila ikifunguliwa, tunaongeza:

```
export PYTHONSTARTUP=$HOME/.mwanzo.py
```

Kuanzia hapo kila wakifungua Python wanakaribishwa na `anza>`, na wakiwa katikati ya jambo wanaona `bado>`. Sijaona kitu kingine kidogo kama hiki kilichonipunguzia maswali kiasi hiki. Mtu akiona `bado>` hahitaji kuelezwa. Anarudi juu mwenyewe kutafuta bano. Wakishazoea tunalifuta faili pamoja na ule mstari wa `export`, na `>>>` na `...` zinakuwa zinawasemesha lugha wanayoijua.

Wapo wanaosema dirisha liachwe kabisa, kila kitu kiandikwe kwenye faili tangu siku ya kwanza. Nawaelewa, na kwa chochote kinachozidi mistari kumi nakubaliana nao: fungua `nano malipo.py` (nano ni programu ndogo ya kuandikia faili), andika kwa utulivu na mistari mitupu upendavyo, kisha

```
python -i malipo.py
```

Hiyo `-i` inaendesha faili halafu inakuachia dirisha likiwa wazi, fanksheni zako zote zimo, unaweza kuziuliza `malipo(85, 3000, 150)` na kujibiwa. Ndivyo karani anavyofanya sasa. Lakini kumnyima mwanafunzi dirisha ni kumnyima kuuliza swali na kujibiwa papo hapo, na kwa mtu anayejifunza peke yake jioni, bila mwalimu karibu, majibu ya papo hapo ndiyo yanayomfanya arudi kesho. Mimi nafundisha vyote viwili, dirisha kwa kuuliza, faili kwa kuhifadhi.

Ukitaka kumtumia mwenzako msimbo, mtumie faili la `.py` kama kiambatisho, usiupesti kwenye ujumbe. Faili linafika na nukuu zake na nafasi zake kama ulivyoliacha. Na ukikwama ukataka msaada, kutoka kwangu au kwa mtu yeyote, piga picha ya skrini kuanzia kwenye `>>>` ya kwanza ya jambo lile mpaka mwisho wa kosa. Wengi hunitumia mstari wa mwisho peke yake, ule mwekundu, nami siwezi kufanya nao mengi, kwa sababu kinachonionyesha tatizo ni safu ya alama za pembeni: `>>>` iliisha wapi, `...` zilianza wapi, na `>>>` ikarudi kabla ya mstari gani. Kama picha moja haitoshi, tuma mbili. Taja pia toleo lako; `python --version` inakupa. Ukiwa na hivyo viwili, mara nyingi jibu utakuwa umeshaliona mwenyewe kabla sijaufungua ujumbe.